Futi ya Kalekwa

Mimi ndiye niliyechapa ile mia nne na thelathini.
Sikuipima. Niliikuta kwenye kikaratasi,
mwandiko wa mhandisi, pembeni duara la kikombe cha chai,
nikachapa: mtaro wa mawe, mita 430, umekamilika.
Muhuri ukashuka juu yake, pa,
nami nikaenda kula wali maharage.

Hapa Urambo mvua ya Novemba haibishi hodi.
Ilishuka usiku wa Ijumaa,
ikaufuata mtaro kwa adabu
hadi pale mawe yanapoishia, nyuma ya ghala la tumbaku,
ikasita kidogo, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba isiyokuwepo,
kisha ikaingia vyumbani.
Kwa mama Nyamizi ilibeba magunia mawili ya mpunga.
Kwa fundi Kalekwa ilipanda hadi kanyagio la cherehani,
na gauni la bi harusi wa Jumapili
likawa rangi ya chai ya rangi.

Kalekwa hakuja kulia ofisini kwetu.
Alingoja tope likauke.
Akachukua futi yake, ile ya manjano,
iliyofutika saba kwa kusuguliwa na kidole gumba,
sentimita mia na hamsini, haina zaidi,
akapiga magoti mwanzo wa mtaro.
Akailaza. Akatia alama kwa chaki ya kukatia suti.
Akailaza tena.
Watoto wa shule wakamfuata, wakihesabu kwa sauti;
kwenye tisini mmoja akaruka namba,
wote wakarudi mwanzo, na yeye pamoja nao.
Mara mia na arobaini na mbili.
Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeipiga usiku mwingi:
mita mia mbili na kumi na tatu.

Barua hakuandika.
(Barua tunazo. Panya wetu wamenenepa kwazo.)
Ile 430 aliisoma kwenye ubao wetu wa matangazo,
chini ya tangazo la chanjo ya mbwa.
Akakata amerikani, upana wa mlango,
akashona kwa uzi mwekundu,
mshono ule wa kwapani, wa kurudia:

ZILIZOLIPWA 430
ZILIZOPO 213

akaitundika barazani,
kati ya sare za shule na suruali zinazongoja wenyewe.

Siku ya gulio wakulima wa tumbaku walisimama hapo,
wakasoma midomo ikicheza,
wala hawakuuliza maana.
Mizani inayoinama upande mmoja wanaijua.

Diwani akaja, kicheko mbele, soda mkononi.
"Fundi, siku hizi unafanya siasa?"
"Napima."
"Nani kakutuma?"
"Maji."
Akamwambia afumue kitambaa.
"Lete mita zangu. Kufumua ndiyo kazi yangu,
na wewe sitakutoza."

Kwenye baraza la madiwani
mtu wa kiti cha nyuma akauliza nani aliyechapa.
Shingo zote zikanigeukia.
Mhandisi alikuwa akitafuta kalamu yake chini ya meza,
akaitafuta mpaka kikao kikafungwa.

Januari mafundi wa mawe walirudi.
Mtaro ukasogea, ukasogea, ukafika mia tatu na moja,
saruji ikaisha, au walisema imeisha.
Kalekwa akapima upya, magoti yaleyale.
Akafumua 213 kwa wembe, uzi akauviringisha kwenye kidole,
akashona 301.
Ya juu hakuigusa. Bado inaning'inia.

Mwezi uliopita nikampelekea suruali ya kupunguza.
Sikusema ninafanya kazi wapi. Urambo ni ndogo, anajua.
Akanizungushia futi ileile kiunoni.
"Tisini na nne," nikamtajia, ili amalize haraka,
nikavuta tumbo ndani.
Akanyamaza, futi mkononi, kama anayesubiri tope likauke.
"Pumua, karani."
Nikapumua.
Akaandika mia na moja.