Shanga Tatu

Boriti ilikata kona kabla ya punda.
Hivyo ndivyo ninavyowajibu wanaouliza,
nao hunitafuta kovu, wasilione,
wakasema, "Alhamdulillahi, u mzima."

Mzima.
Ila sindano moja ina matundu mawili
na uzi wangu huchagua lile lisilokuwapo.
Ila kuta za Langoni, nikipita katikati,
husogeleana kama watu wanaopishana mlangoni,
na ngazi ya darini imezidi kidato kimoja
ambacho mguu wangu hukikanyaga, hewani.
Jua la saa nne likigonga chokaa
najifunika mtandio hadi puani,
bibi harusi wa miaka arobaini na sita.

Mama Kupi wa nyumba ya pili akaja na chetezo.
"Ni ito hilo, Mwanaidi. Kofia zako zimesifiwa mno."
Nikacheka, na kucheka kukaniuma utosini:
ito limepiga mato!
Lakini nilimwacha afukize.
Ubani haujamdhuru mtu.

Nyawira wa Mpeketoni,
anayekuja zahanati Alhamisi kwa Alhamisi na mkoba wa turubai,
hakutafuta kovu.
Aliniletea kalamu mpaka kwenye ncha ya pua,
akatazama, si kalamu, bali mimi ninavyoitazama.
"Macho yako mazima," akasema. "Hayasemezani tu.
Ubongo ulipotikisika yaliachana mikono."
Akatoa uzi.
Uzi! Mimi, miaka thelathini nazungushia matundu ya kofia,
nafundishwa uzi.
Juu yake shanga tatu: mmoja mwekundu,
mmoja wa kijani, mmoja mweupe.

Ncha hii funga kwenye nondo ya dirisha.
Ncha hii ishike puani.
Utazame ushanga wa karibu: utaona nyuzi mbili
zinazokatana papo hapo ulipo.
Uzi mmoja ukipotea, jicho moja limelala. Liamshe.
Kisha wa kati. Kisha wa mbali. Kisha fumba.
Dakika mbili, basi. Usiwe mlafi.

Nilikuwa mlafi.
Siku ya kwanza robo saa nzima,
nikatapika kwenye beseni la kufulia
na mwanangu Lali akaenda kuuficha uzi
ndani ya kopo la iliki.

Basi, dakika mbili,
kabla muuza maziwa hajapiga hodi,
uzi unanukia chai,
na ule mwekundu unagawanyika, unarudi, unagawanyika,
kama mtoto anayejifunza kusimama
huku amekwisha kuipima sakafu kwa makalio.
Mchana nalala gizani na kitambaa cha maji usoni.
Hakuna aliyenionya kuhusu hilo:
kwamba kutazama ni kazi ya sulubu,
kwamba zamani nilikuwa nikiifanya bure.

Jioni ya mwandamo wa Ramadhani watu walijaa ufukweni.
"Nani kauona? Nani kauona?"
Mimi niliiona miwili, imelaliana kama kucha,
nikanyamaza.
Shahidi mmoja, miezi miwili:
kadhi angeandika nini?

Famau akatuma mtu, kofia ya harusi imefikia wapi.
Nilimtolea kama ilivyo.
Nusu ya kabla ya boriti, matundu yamenyooka kama safu ya swala;
nusu ya baada yake yanayumba, yanasitasita,
moja nimelishona mara mbili
kwa kuamini ni mawili.
"Upande huu ukae nyuma," nikamwambia.
Aliigeuza, akaigeuza tena.
"Ukae mbele," akasema. "Huu una mtu ndani."
Sikujua kama ananihurumia.
Nilichukua pesa.

Usiku wa kuamkia Idi nilipanda darini peke yangu,
nikikanyaga vidato vilivyopo tu.
Uliandama mmoja.
Mwembamba, mkali, mmoja.
Nilihesabu mpaka saba
kabla haujagawanyika.