Asilimia Arobaini na Moja

Halvard, leo nimelitoa gari.
Sikuliuza. Jostein alinikemea kwenye simu:
"Shangazi, betri hiyo hata chakavu ina bei yake."
Nikamwambia bei naijua,
nimeilipa miaka kumi na mmoja,
nikakata simu kabla hajaanza hesabu.

Unakumbuka lilipokuwa jipya?
Tulikwenda Mosjøen tukarudi bila kuchaji,
ukajisifu kwa jirani kama aliyelizaa mwenyewe.
Sasa, Januari ikikaza meno,
linanifikisha dukani na kunirudisha,
na nikiwasha joto la ndani
lazima nichague: miguu yangu au mkate.

Wamelichukua wale wa kituo cha nyuma ya kanisa,
wanaowapelekea supu wasioweza kutoka.
Mzunguko wao wote ni kilomita kumi na nne.
Kumi na nne! Nilicheka.
Hizo linazo hata likiwa na homa.

Wanasema kutoa ni moyo.
Fomu yao inauliza betri.
Swali la saba: je, gari lina kasoro?
Nikaandika mlango wa kushoto, ule mkwaruzo
wa nguzo ya lango uliosema ni wa kulungu.
Nikaandika: honi hukohoa.
Nikaandika: kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja,
nikaufuta mstari huo. Ukabaki unasomeka.

Kijana waliyemtuma anaitwa Eskil,
masikio mekundu kwa baridi, adabu ya kuvua viatu.
Alikaa, akawasha kioo cha ramani,
akasema tufute kumbukumbu kwanza, mama,
ndio utaratibu.
Sehemu zilizohifadhiwa: tatu.
Nyumbani.
Hospitali.
Na ya tatu uliyoipa jina: Kinyozi.

Halvard, kinyozi wako yuko mtaa wa pili.
Ulikuwa ukienda kwa miguu.
Na mwaka ule wa mwisho hukuwa na nywele za kunyoa.

Eskil alitazama dashibodi: asilimia arobaini na moja.
"Inatosha," akasema, kabla sijamwomba.

Ramani ikatupeleka kusini, tukapita kiwanda cha samaki,
tukapita nyumba ya mwisho yenye taa,
hadi sauti ile ya kike isiyochoka ikasema: Umefika.
Hapakuwa na kitu.
Uwanja wa changarawe, pipa la taka,
gati ambalo feri haifiki tena,
na maji, meusi, hayana haraka.
Nikafungua kijisanduku cha kati. Pipi za kamfa,
na maganda yake, umeyakunja moja moja,
mengi kuliko idadi ya miadi uliyonitajia.

Basi hapa ndipo ulipokuwa ukinyolewa.

Hukupata kunirudia na macho mekundu hata siku moja.
Nilidhani ni ushujaa. Kumbe yalikuwa maegesho.

Eskil alizima joto ili kutunza chaji,
akavua glavu zake akanipa, hakuuliza neno.
Tulirudi na asilimia kumi na tisa.
Alifuta Nyumbani. Alifuta Hospitali.
Kidole kikasita, akanitazama.
"Hiyo," nikasema, "iacheni.
Huenda dereva wenu naye akahitaji kinyozi."

Nikatia sahihi. Nikampa funguo mbili,
ule wa pili bado una uzi wako wa bluu.

Jumanne ndiyo siku ya supu.
Wanampelekea Borghild hapo ng'ambo ya barabara,
halafu Eskil hubisha hodi kwangu, kwa maana
baridi imekula chaji, na soketi ya ukutani sikuing'oa.
Gari lao, umeme wangu. Nusu saa.
Anakunywa kahawa, analalamika kuhusu honi.
Nami dirishani natazama kile kitaa cha kijani
kikipumua, kikipumua,
na waya wako, ambao mtoto huyu
hajajua bado kuukunja.