Mzinga wa Isevya

Spika niliipata kwa Kapela wa vyuma chakavu,
inchi kumi na mbili, koni imetoboka,
panya wameila pembeni kama muhogo.
Aliipima pamoja na rejeta na pedali,
akanitoza sumaku. Koni alinipa bure:
"Karatasi," alisema, "mimi sipimi karatasi."

Tundu nikaliziba kwa mfuko wa saruji,
tabaka mbili, gundi ya wanga,
pembeni nikazungushia tyubu ya baiskeli
iliyochoka viraka kwenye njia ya Itetemia.

Shida ilikuwa mbao.
Mninga wa Tabora siku hizi ni wa kutazama,
unapita juu ya malori
kwenda kuwa kitanda cha mtu mwingine.
Plaiwudi ya fundi Mihayo ilishanyeshewa,
ukiigonga inakujibu kwa mafua.

Ndipo nikaukumbuka mzinga.

Ulilala nyuma ya choo tangu masika ya mwaka juzi,
gogo zima, tumbo limechimbwa kwa tezo.
Huko Sikonge tawi lilivunjika, ukaanguka nalo,
nyuki wakahama bila kuaga.
Baba alikataa kuuchanja kuni.
Alikataa pia kuurudisha porini.
Nilipomwomba, hakusema chukua, hakusema acha.
Alisema: "Ndani usisugue."

Sikusugua.

Ujazo wa ndani sikuujua,
nikaumimina mahindi mpaka mdomoni:
madebe mawili, visado vitatu,
na kuku wa Mama Siwema wakanufaika na hesabu.
Mduara nikauchora kwa sinia,
nikakata kwa msumeno wa kuazima,
vumbi jekundu likanijaa nyusi,
na harufu, jamani, harufu ya asali isiyokuwepo.

Palipokuwa na mlango wa nyuki
nikachomeka bomba, kipande cha mradi wa maji.
Bomba refu huimba chini, fupi hukohoa;
nikawa nalikata kidole kimoja kimoja,
nasikiliza, nalikata,
mpaka nikakata kidole kimoja zaidi
na kurudi kwa Kapela kutafuta jingine.

Nyufa niliziba kwa nta,
kwa kuwa besi ikiona ufa hugeuka mluzi.
Amplifaya ya Land Rover iliyokufa,
betri ya pikipiki, waya za rangi yoyote;
msumari uliopata moto jikoni
ndio ulioyeyusha risasi
na ncha ya kidole changu cha shahada.

Mara ya kwanza: kimya.
Mara ya pili: mngurumo wa umeme,
mrefu, mpumbavu, wa ng'ombe aliyesahauliwa zizini.
Nikahamisha waya wa ardhi.

Mara ya tatu nikaweka dansi la zamani,
lile ninalolisikiliza kwenye simu tangu niko shule.
Gitaa mbili na mwimbaji. Naujua kila mkwaruzo.
Halafu chini yao, kwenye nyayo zangu,
akaingia mtu.
Anatembea polepole, anasubiri, anarudi,
anamshika mwimbaji kiunoni asianguke.
Miaka yote hiyo nimejua wimbo wa watu watatu.
Kumbe walikuwa wanne.

Vikombe vya Mama Siwema vikaanza kugongana kabatini,
bati likapokea, maji ya ndoo yakachora pete,
naye akapaza sauti ng'ambo ya ua:
"Masele! Ni treni au ni wewe?"

Baba alitoka na kandambili moja.
Hakuutazama mdomo wa spika.
Akazunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya gogo,
akagonga mara mbili, sikio karibu,
kama anavyogonga mti kabla ya kupandisha moshi.
Akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Upande huu," akasema, "bado mwepesi."

Akarudi ndani.
Nikazima betri isije ikaisha,
nikapitisha mshumaa kwenye mishono yote.
Karibu na kitako, mwali ukainama.
Kweli. Ufa, mwembamba kama unywele.
Nta ilikuwa imekwisha.