Hariri

Makala yenyewe ni fupi: aya nne, tanbihi sita,
picha moja ya geti lililoliwa na kutu.
Ningeipa alama nikalale.
Lakini kamusi elezo hii haina kifutio.
Kilichofutwa hubaki chini, kama pumba chini ya ungo;
bonyeza pale juu, palipoandikwa "historia",
utamwona mwanafunzi alivyokesha.

Mvua ya Kutaisi inapiga bati la baraza.
Chai imepoa. Ninabonyeza.

Darasa zima lilinuna nilipowapa kazi hii.
"Insha huwa unasoma wewe, basi," alisema Tsotne.
"Hii atasoma nani?"
Yeyote, nikamwambia.
Akanyamaza kama aliyeambiwa nyumba yake haina ukuta.
Alichagua uyoga. Akanakili kitabu cha babu yake
nukta kwa nukta, na kabla hajafunga kompyuta
mtu asiyemjua, wa Batumi au wa mwezini,
alikwisha kuifuta yote.
Alinipigia simu usiku ule, sauti ikitetemeka
kama ya mtoto aliyekutwa shambani na mahindi ya watu.
"Mwalimu, kumbe wanaona!"

Pikria alichagua kiwanda cha hariri.

Saa nne usiku: "Kiwanda hiki kilijengwa"
na hapo akahifadhi, sentensi ikining'inia.
Saa nne na robo: mwaka. Akautoa. Akaurudisha.
Saa sita: wanawake mia mbili.
Saa sita na dakika moja: takriban mia mbili.
(Nikatabasamu. Hilo "takriban" nililifundisha mimi, wiki ya tatu.)
Saa saba: picha. Kivuli cha mpigaji kimeingia getini,
kofia na mwavuli.

Saa tisa na dakika saba:
"Mama yangu alisimama mashine ya kumi na nne.
Mikono yake ilinuka viwavi vya kuchemshwa
hata siku ya Pasaka, nami nilikataa kushikwa."

Saa tisa na dakika tisa: imefutwa.
Na katika kile kisanduku cha sababu,
ambacho wenzake wote hukiacha kitupu, ameandika:
haina chanzo.

Dakika mbili.
Kwa dakika mbili dunia nzima ingeweza kusoma,
na dunia nzima ilikuwa imelala.

Mama yake yuko Bari, mwaka wa tisa sasa,
anamwogesha mama wa watu.
Nalijua hilo kwa sababu ya Alhamisi:
kila Alhamisi Pikria hutoka darasani, simu imekumbatiwa kifuani,
na hurudi macho yameoshwa.
Asiyekuwapo na lake halipo;
ndivyo tanbihi zinavyosema pia, kwa adabu zaidi.

Karatasi yangu ya alama ina safu tatu:
vyanzo, lugha, kutoegemea upande.
Nimeijaza. Nimeipitia tena.
Sioni pa kuziweka dakika mbili.

Nilikuwa nafunga ndipo nikaona mstari mpya,
wa leo, wa jioni hii hii.
Si wa Pikria. Hauna jina, una namba tu,
na namba hiyo ni ya Italia.
Umeandikwa kwa tahajia ya mtu aliyeacha shule mapema:
"Mashine ya 14 ilikua inavuta kushoto.
Ilibidi uishike na goti."

Hakuna tanbihi. Hakuna kitabu kitakachosema hivyo milele.
Kanuni naijua; mkate wangu unatoka humo.
Kidole kimesimama juu ya kitufe cha kutengua
mpaka skrini ikazimika yenyewe
nikabaki nimejitazama humo, mzee, na miwani.

Nikaiwasha.
Nikaongeza "w" iliyopungua.
Sentensi nikaiacha mahali pake, ila mwishoni mwake,
kwa herufi zile ndogo za juu,
nikaweka: chanzo kinahitajika.

Isomeke kama ombi.
Arudi, aliyeandika. Aseme ni goti gani.