Jumanne na Jumamosi

Saa kumi na moja na robo alfajiri
lami bado ina joto la jana.
Evanthia amekwisha fika, kama kawaida,
mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedeli,
anaitia cheni mafuta tone kwa tone
kama anavyohesabu dawa ya macho kule dukani kwake.
Pandelis amechelewa, kama kawaida,
na sababu anayo, kama kawaida:
juzi ilikuwa kahawa, leo ni paka.

Hatuna maneno mengi saa hizi.
Tunabonyeza matairi kwa dole gumba.
Chupa mbili za maji kila mtu, na moja ya ziada
ambayo kila mara hakuna wa kuibeba,
basi naibeba mimi.

Nyuma ya nyumba za mwisho za Kaisariani
barabara inakomea kwenye mnyororo wenye kutu,
na mlima wa Imitos unaanza bila hodi.

Mimi ni fundi wa lifti.
Kutwa nawapandisha watu ghorofani
kwa kidole kimoja.
Hapa hakuna kitufe.

Gia ndogo. Ndogo zaidi. Basi, zimekwisha.
Pumzi, jiwe,
pumzi, mzizi wa msonobari,
pumzi.
Jasho lina chumvi na linaijua njia ya machoni.
Saa kumi na mbili na nusu nyenze wanaanza, wote kwa mpigo,
kama kuna aliyewasha mashine ya kusaga,
na kuanzia hapo jua si la kutazamwa, ni la kubebwa mgongoni.

Penye mwamba tunaouita Jino
Evanthia anapita ameketi, mgongo umenyooka.
Aliye juu mngoje chini, wanasema;
huyu hangojeki.
Pandelis anashuka, anasukuma kwa mkono,
eti anaikagua njia.
Mwaka wa sita huu anaikagua.

Juu kuna mizinga ya nyuki iliyopakwa buluu,
na harufu ya zaatari inayokwaruza koo.
Upande wa kusini bado ni mweusi.
Njia yetu ya zamani ilipita huko;
tunaitaja kwa jina lake,
kisha mmoja wetu anaikumbuka breki yake, anainama kuikaza.

Halafu mteremko.
Vidole viwili kwenye breki, magoti malegevu.
Usilitazame jiwe, alinifundisha Evanthia,
tazama unakotaka kwenda.
Ukilitazama, litakuita.
Nina kovu la kiwiko kutoka siku niliyoitika.

Jumanne ya mwisho wa Julai
upepo wa kaskazini ulikuwa umeamka kabla yetu.
Kwenye mnyororo, kibao chekundu,
na Vaios, mlinzi wa msitu, kijana wa miaka ishirini hivi,
kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani.
"Leo hapana," alisema. "Hata kwa miguu."

Na siku hiyo, ya siku zote,
Pandelis alikuwa wa kwanza kufika.
Alikuwa ameketi ukingoni, kofia yake ngumu magotini,
akiutazama mlima kama mtu anayengoja majibu ya daktari.
Hakuwa na sababu yoyote ya kutoa.

Tukakaa naye.
Nikafungua ile chupa ya ziada.
Ilizunguka watu watatu, kisha wanne,
Vaios akanywa funda moja, akaifuta mdomo wake kwa shati, akairudisha.
Misonobari ilikuwa inanguruma.
Hakuna aliyesema neno moto.

Saa tatu nilikuwa Pangrati, kwenye jengo la ghorofa saba,
lifti imekwama kati ya tatu na nne,
mama mmoja ndani anapiga mlango.
Pumua polepole, nikamwambia kupitia ufa,
tazama unakotaka kwenda.

"Wapi?" akafoka. "Humu kuna ukuta tu!"

Nilicheka hadi bisibisi ikanidondoka.

Upepo ulitulia Ijumaa usiku.
Nikajaza chupa tatu.