Gia ya Kipanya

Mshale ulimponyoka mara ya kwanza,
ukakimbilia kona ya kioo kama kuku aliyeona kisu.
Akainua mkono, akautazama mkono,
kisha akanitazama mimi.
"Binti, hiki kipanya chako kimekunywa nini?"

Osundwa wa Trekta.
Mumias nzima inamjua hivyo,
ingawa trekta lenyewe alilirudisha, na funguo, na buti,
akatia sahihi, akaambiwa aje Jumanne kuuliza malipo.
Jumanne zimekuwa nyingi.
Lakini leo si hilo lililomleta.
Alitaka ramani, ile inayopigwa picha kutoka juu.
"Mjukuu ameniambia hata paa la choo linaonekana."

Nikamfungulia.
Akakifunika kipanya kwa kiganja kizima,
kama mtu anayeficha yai,
akasukuma.
Tukaipita Mumias tusiione,
tukaipita Busia bila kuonyesha kitambulisho,
tukasimama kwenye buluu tupu, hakuna jina, hakuna njia.
"Tuko wapi?"
"Ziwani, baba."
"Mimi sijui kuogelea."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akanieleza kama anayemfunza utingo siku ya kwanza kazini:
usukani wa trekta kuukuu una ulegevu wake,
unazungusha robo, magurudumu bado yanajadiliana,
unaongeza kidogo, ndipo pua inakubali.
Miaka ishirini na miwili mkono umesoma hivyo,
sukuma sana, upate kidogo.
Na nyuma yako trela mbili za miwa:
ukikata kona kwa pupa, unamwaga karo za watu mtaroni.
"Sasa hiki nakigusa tu, kinaruka."

Nikaingia kwenye mipangilio.
Sikuwahi kuingia humo kwa ajili ya mtu.
Kuna mstari mfupi, na kidude cha kusogeza juu yake,
huku wameandika polepole, huku wameandika haraka,
na katikati vijino vijino visivyo na majina.
Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Kumbe kina gia!
Mbona hukusema kina gia?"

Tukashuka moja. Bado.
Tukashuka mbili.
Ya tatu akaninyoshea kidole: hapo, hapo hapo,
hiyo ndiyo ya kutokea shambani mvua ikishanyesha.

Hakuniita tena.
Nilikuwa natoa nakala za vyeti, mashine inakohoa,
na kila nikigeuka namwona, mshale wake unatambaa
kutoka barabara kuu, unapinda kwenye kinu cha posho,
unafuata kijia chekundu kati ya kijani na kijani,
haukati kona.
Midomo yake inahesabu vitalu.
Cha sita. Cha saba. Hapa palikuwa na nyuki.

Picha ni ya zamani. Nilijua, sikumwambia.
Humo miwa bado ilikuwa imesimama, tele, mpaka ukingoni,
mahali ambapo leo asubuhi nimepita
nikaona mahindi ya watu, na mbuzi, na kibao cha kuuza ploti.
Na mwisho wa kijia, punje nyekundu,
ndogo kuliko ncha ya mshale.

Akausimamisha mshale kando yake.
Nikamwambia unaweza kusogea, baba, gusa pale.
"Nitamfunika."
"Nani?"
"Huyo. Saa hizo huwa nakula."

Akalipa shilingi ishirini,
akadai risiti.

Jioni kijana wa sekondari akakaa pale pale,
akasukuma, akasonya:
"Dada, kipanya chenu kinaumwa?"
Nikarudi kwenye mipangilio.
Nikapandisha gia ya kwanza, nikapandisha ya pili.
Ya tatu
nikamwambia imekwama.