Tangu Saa Sita ya Usiku

Bi Ghaniya binti Nasor, kitanda cha kumi na nne,
nyonga imevunjika.
Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha,
kisha la tano, kisha "baada ya adhuhuri, inshallah."
Juu ya kichwa chake kibao chekundu:
ASILE, ASINYWE, TANGU SAA SITA YA USIKU.
Nje, Ibra inaungua. Julai.
Hata njiwa wamejibanza chini ya viyoyozi
wakigombea matone.

Akanishika mkono wa sare.
Kwa Kiswahili chake cha Wete,
ambacho miaka sitini ya jangwa haikukikwangua:
"Mwanangu, hata Ramadhani ina magharibi.
Hii yenu itaadhiniwa saa ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Tunalo sote, tulilimeza chuoni:
ndivyo tufanyavyo.
Nikachovya pamba, nikamlowesha midomo,
na jibu langu likakauka kabla ya midomo yake.

Usiku ule nilisoma.
Si uvumi wa zamu, si "nilisikia kwa fulani":
watu waliohesabiwa, wa nchi hii na ile,
hawa wakapewa maji, wale wakanyimwa,
matumbo yao yakachunguliwa.
Maji meupe hupita tumboni kama mgeni mwenye haraka.
Masaa mawili, ameshaaga.

Nikanunua daftari la baisa mia tatu.
Mwezi mzima nikaandika:
nani, funda la mwisho lini, kisu lini.
Wagonjwa arubaini na mmoja.
Aliyebahatika, masaa tisa.
Kijana wa Sinaw, mchunga ngamia, kumi na tisa;
alicheka, akasema ngamia wake
wangemwonea huruma.

Nikampelekea Sista Leelamma.
Miaka ishirini na saba katika wodi hii,
sanduku la kurudi Kottayam
limefungwa na kufunguliwa mara tano.
Daftari hakuligusa.
"Usiniletee karatasi. Mimi nilimshika Saif."
Mwaka wake wa kwanza. Kijana wa ajali ya gari,
alitapika akiwa usingizini mezani,
mapafu yakajaa,
na tangu siku ile, anasema,
hajawahi kunawa mikono ikatakata.

Nilinyamaza. Nani ashindane na maiti kwa hesabu?
Kisha nikafungua mstari wa arubaini na mbili,
maana ushahidi ni wa wote au si ushahidi,
nikaandika: Saif.
"Alikuwa amekula nini, Sista?"
Aliangalia dirisha muda mrefu.
"Wali. Wali na nyama ya mbuzi. Alitoka arusini."
Halafu, polepole,
kama anayetua mzigo asijue pa kuuweka:
"Hayakuwa maji."

Mambo hayakubadilika kwa tarumbeta.
Yalibadilika kwa mabishano.
Daktari Haridy wa dawa za usingizi alikuna ndevu,
akataka kwanza wiki mbili za majaribio.
Marivic akauliza, nani atapiga simu
kila orodha itakaposogea?
Binti wa mgonjwa mmoja akaja na birika,
akadai kahawa yake haina maziwa,
ni maji tu yaliyosafiri.
Tukarudi kusoma. Kumbe haki ilikuwa yake.
Tende tulizizuia.

Bi Ghaniya hakuyaona haya.
Alikwisha rudi kwao Mudhairib na mkongojo,
kiu yake imepoa bila msaada wetu.
Ndiye aliyeuliza. Wengine ndio waliokunywa.
Hilo sijalipatia safu daftarini.

Leo nimemkuta Leelamma kitanda cha kumi na nne,
saa ya mkononi karibu na macho,
anamshikia mzee mmoja glasi,
anangoja koo lishuke,
anaandika dakika.
Kibao chekundu kimebanduliwa.
Gundi imebaki ukutani, mraba mchafu
usiotoka kwa spiriti wala kwa kucha.

Nami nimefungua ukurasa mpya.
Saa kumi ya alfajiri tunawaamsha wote, tunawaogesha.
Kwa nini saa kumi?
Nani kasema?